Moto wa maji wa fundi Acidri unavyofifia Koboko

Saa nne asubuhi. Kwenye barabara inayotoka Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenda mpakani Oraba malori yanapita moja baada ya jingine, na vumbi halipati nafasi ya kutua. Ndani ya banda la mabati kando ya barabara hiyo, Acidri Wilfred, mwenye miaka thelathini na saba, amechuchumaa mbele ya beseni akiwa na simu mkononi. Anahesabu sekunde.

Katika beseni amesimamisha kichwa chini chupa ya lita moja iliyojaa maji. Mpira mwembamba unapenyeza mapovu mdomoni mwa chupa, na kila povu linalopanda linasukuma maji kidogo nje. Chupa ikibaki na gesi tupu, Acidri anasimamisha saa.

"Sabini," anasema. "Mwaka jana hii chupa najaa kwa ishirini na tano."

Anaijaza maji tena, anarudia. Sabini na moja. Amekuwa akiipima hivyo kila asubuhi tangu mwezi wa nne, kama mgonjwa wa homa anayejishika shingo.

Acidri ni fundi wa rejeta. Gari likichemka njiani, rejeta yake ikavuja, yeye huifungua, hutafuta tundu na kuliziba kwa lehemu. Kazi hiyo inahitaji moto mkali, na moto wa Acidri hautoki kwenye mtungi wala kwenye mkaa. Unatoka kwenye maji.

Mashine yake ameiunda mwenyewe. Ni bati saba za chuma kisichoshika kutu, zimepangwa kama vipande vya mkate, zikatenganishwa kwa mpira na kukazwa kwa boliti. Katikati yake mna maji yaliyotiwa kile anachokiita dawa, kwa kuwa maji matupu hayapitishi umeme wa kutosha. Umeme ukipita, maji yanagawanyika kuwa gesi mbili, na gesi hizo zikichanganyika huwaka kwa hasira. Kabla ya kufika kwenye bomba la moto, gesi hupitia chupa ya kioo yenye maji nusu, ili moto ukitaka kurudi nyuma uzimikie humo.

Ajabu ya moto huo ni kwamba mchana hauonekani. Acidri anauwasha, nasi hatuoni kitu. Anapitisha unyasi mkavu mbele ya bomba, unyasi unateketea hewani. Ndipo tuliporudi nyuma hatua nne, wala hatuoni aibu kulisema. Vidole vya mkono wake wa kushoto vina makovu yanayong'aa. Ndivyo alivyojifunza mahali moto wake unapoanzia na unapoishia.

Lakini siku hizi moto huo hauna nguvu. Kwenye rejeta ndogo za magari ya abiria bado unafaa. Kwenye rejeta ya lori shaba inalinywa joto lote, lehemu inakataa kutiririka, inaganda vipande vipande kama uji uliopoa. Wiki hii pekee rejeta mbili za lori zimeondoka bandani mwake zikiwa zinavuja vilevile.

Mwaka jana mwezi mzuri ulimpa shilingi laki nane za Uganda. Mwezi uliopita hakufika laki mbili. Fedha hiyo inalisha watu tisa: yeye, mkewe, watoto wanne na mama yake walioko Kuluva, kusini mwa mji wa Arua, pamoja na shemeji yake Driwaru na mtoto wake Victoria, wanaoishi chumba cha nyuma ya banda hapa Koboko.

Driwaru ni mjane. Na habari ya ujane wake ndiyo inayofanya hesabu ya sekunde sabini isiwe mchezo.

Nyuma ya banda, chini ya turubai, kuna tangi la chuma la kimo cha mtoto wa miaka kumi. Ni tangi la kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo yakiguswa na maji hutoa gesi ya kuchomelea. Mafundi wengi wa barabara hii wanatumia tangi kama hilo. Kaka yake Acidri, Ezati, mume wa Driwaru, alilitumia miaka sita. Mwezi wa nane mwaka juzi kifuniko kiligoma kufunguka, akakigonga kwa nyundo. Cheche moja ilitosha. Victoria alikuwa na miaka mitatu.

Mwili ulipelekwa nyumbani Kuluva, na hapo mazishi yakakwama. Wajomba wa marehemu, wakiongozwa na mzee Draku, walisimama mbele ya kaburi wakasema mtoto wa dada yao hatashuka ardhini mpaka kilichomuua kikataliwe hadharani. Watu wa ukoo walijua haki yao, hakuna aliyebisha. Jua lilikuwa kali na jeneza lilikuwa juani. Acidri akaweka mkono juu ya jeneza, akaapa mambo mawili: kwamba hatawasha tena kabaidi, na kwamba hataleta kazini kwake kitu chochote kinacholipuka.

"Mzee naniuliza, sasa utakula nini? Mimi nasema nitachoma na maji. Maji hapana lipuka," anakumbuka. "Nilikuwa nimeona hii mashine kwa simu tu. Nilikuwa sijaifunga hata boliti moja."

Wajomba waliridhika. Ezati akazikwa.

Tulipokutana na Acidri Jumatano, alikuwa amebakiza siku mbili. Mfanyabiashara mmoja mwenye malori saba yanayovuka kwenda Kaya, upande wa Sudan Kusini, na mbele zaidi alitaka fundi mmoja wa rejeta zake zote, na ya kwanza ilikuwa inakuja Ijumaa kwa majaribio. Malori saba yangerudisha uhai. Tulimuuliza atafanya nini mashine isipopona.

Aliinama chini ya meza ya kazi, akasogeza magunia, akatuonyesha kopo la kabaidi, jipya, halijafunguliwa.

"Ijumaa kama hii chupa haifiki thelathini, mimi naondoa turubai," alisema. "Kiapo hapana lika na ugali." Kisha akatuomba tusimwambie shemeji yake.

Kwa hiyo siku mbili hizo tulimtazama mtu akipigania asije akavunja neno alilolitoa juu ya jeneza la kaka yake.

Alianza na uvujaji. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na kwenye mpira mmoja povu likafura. Aliukata, akaweka mpya. Sekunde sitini na sita. Akafungua vibano vya nyaya, akakuta kutu ya kijani, akaikwangua mpaka shaba ikawa nyekundu. Sitini na mbili.

Jioni alifungua mashine yenyewe. Bati zilikuwa zimevaa utando wa kahawia unaoteleza. Alizisugua kwa ndimu na mchanga, kisha akapitisha sumaku juu ya kila moja. Mbili zilinaswa. Alikuwa amezikata kutoka kwenye sinia za harusi alizonunua soko la Arua, na muuzaji alimwapia kuwa ni chuma safi. Katika biashara hiyo viapo ni rahisi. Akazitupa, akaweka nyingine, akakaza boliti. Hamsini na nane.

"Nimeosha kila kitu," alisema akikaa juu ya tairi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa daktari hana dawa nyingine.

Alhamisi asubuhi alimwita jirani yake Gauthier, Mkongo wa kutoka Aru anayechaji betri za magari, ambaye ndiye anayemuuzia umeme wa mashine. Gauthier ni mnene, mpole, na hapendi kuharakishwa. Alileta mita yake, akaifunga kwenye waya, akainama kutazama mshale. Ulisimama kwenye ampea kumi na saba. Mwaka jana ulikuwa ukifika arobaini.

"Chuma iko safi, waya iko safi," Gauthier alisema. "Moto ya umeme inakataa kupita mu maji. Fundi, ugonjwa iko mu dawa yako."

Acidri alikataa. Dawa, alisema, inatoka nyumbani, na kila wiki ni mpya.

Hapo ndipo tulipoelezwa. Mwanzoni alitumia kostiki soda ya watengeneza sabuni, kali, iliyomchubua paja siku moja ilipomrukia. Mwezi wa nne Driwaru alijitolea kumsaidia. Yeye huuza maharage yaliyopikwa, na kama wanawake wengi wa huku hulainisha maharage kwa maji ya majivu: majivu yanajazwa kwenye chungu chenye matundu chini, yanamiminiwa maji, na kinachodondoka ni maji ya rangi ya chai, yanayoteleza vidoleni na kuuma ulimi. Yanapitisha umeme vizuri. Acidri alijaribu, akaona yanafaa, akamshukuru Mungu kwa shemeji mwenye akili. Tangu hapo kila Jumatatu Driwaru humletea jerikani.

Gauthier alichovya kidole kwenye povu la kahawia lililobaki kwenye chupa ya kioo. Akanusa. Akanusa tena.

"Hii ni majani ya chai," alisema.

Kila apikaye kwa majivu anajua kwamba maji ya kwanza ndiyo makali. Ukimimina tena juu ya majivu yaleyale, ya pili yanapungua ukali. Ya tatu ni karibu maji matupu, na rangi yake imepauka. Maji yaliyopauka ukiyatia majani ya chai yaliyokwisha chemshwa yanarudi kuwa meusi. Mbali na rangi hayana kitu.

Acidri aliimwaga dawa yote chini. Gauthier alikwenda kwa mtengeneza sabuni, akarudi na kostiki kwenye karatasi. Waliikoroga katika maji ya mvua, wakajaza mashine, wakasimamisha chupa kwenye beseni. Mapovu yalipanda kwa kasi hata maji yakatikisika. Mshale wa mita ulikwenda arobaini. Sekunde ishirini na saba.

Bomba la moto lilianza kuvuma, sauti nene ambayo hatukuwa tumeisikia tangu tufike. Gauthier alipiga makofi mara moja, kisha akaona uso wa rafiki yake akaacha. Acidri alizima umeme, akakaa chini, akashika kichwa. Alikuwa ameipata gesi yake, na alikuwa amejua ilikokuwa ikipotelea.

Driwaru alikuja saa saba, sufuria kichwani, akiwa amemaliza kuuza. Maharage yake, ieleweke, yanasifiwa soko zima kwa ulaini. Sasa tunajua maji ya kwanza yalikuwa yakienda wapi. Ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwembamba, anayesema polepole. Watu walitarajia baada ya msiba Acidri amrithi; Driwaru alikataa kistaarabu, akasema anataka shemeji, hataki mume wa pili wa kuzika.

Acidri alimwonyesha povu. Alimuuliza kwa upole tuliouonea huruma. Driwaru aliteremsha sufuria, akaketi kwenye ndoo, na hakukana hata kidogo.

Alisimulia siku moja ya mwishoni mwa mwezi wa tatu. Alikuwa chumbani akimwogesha Victoria aliposikia mlio bandani. Alikimbia, akamkuta Acidri amesimama na vumbi la kioo kifuani. Moto ulikuwa umerudi nyuma na kuipasua chupa ya kinga. Majirani walipouliza, Acidri alisema ni tairi la lori. Lakini shati lilifuliwa na Driwaru.

"Mimi nilikuwa kwa kaburi. Nasikia wewe naapa juu ya sanduku ya bwana yangu, nasema maji hapana lipuka," alimwambia. "Na mimi natoa vioo kwa shati yako. Sasa nani naongopa, shemeji? Maji ama wewe?"

Hakwenda kwa wajomba. Wangemfungia kazi, na watu tisa wangelala njaa, yeye na mwanawe wakiwamo. Hakwenda kwa Acidri pia, kwa kuwa alijua angeambiwa asiogope. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Driwaru alikuwa amekaa na mshtuko huo siku sita mchana na usiku. Siku ya saba akaja na jerikani la maji ya majivu.

"Nasema, kama dawa natoka kwa mukono yangu, basi moto iko kwa mukono yangu," alieleza. "Nakupa ya kuziba rejeta ndogo. Ya lori sikupi. Moto kidogo hapana ua mutu."

Alikuwa amekosea kidogo katika hilo, na Gauthier alimweleza: hata gesi kidogo ikikusanyika inaua. Lakini alikuwa sahihi kwamba anayekimbiza gesi nyingi anakimbiza hatari nyingi. Mwandishi wa makala haya alikuwa amekaa siku mbili akishangilia kila sekunde iliyopungua, na mchana huo aliona haya.

Acidri alisimama. Tulidhani anaondoka. Aliinama chini ya meza, akasogeza magunia, akaliweka kopo la kabaidi miguuni pa shemeji yake.

Driwaru alilitambua. Aliishi na makopo ya namna hiyo miaka sita. Machozi yakaanza kumtoka.

"Kumbe ni mimi nakusukuma kwa hii," alisema.

"Hapana wewe," alijibu Acidri. "Mimi naficha, wewe naficha. Mama Victoria, sisi mbili tungezikana."

Mficha maradhi, kifo humfichua. Ndani ya banda moja watu wawili wanaotakiana uzima walikuwa wamefichana mpaka pakabaki siku moja tu.

Driwaru alijifuta uso kwa khanga, akalichukua kopo akitaka kwenda kulitupa chooni. Acidri na Gauthier walimzuia kwa pamoja; kabaidi ikikuta majimaji ya choo, choo kinajaa gesi. Alibaki amesimama na kopo mikononi, akauliza kama hapa duniani mafundi hawana kitu kimoja kisichotaka kuwaka. Gauthier alilipeleka kopo kwa aliyeliuza.

Kisha Driwaru akatoa sharti lake. Kiapo kilitolewa mbele ya wajomba, na uongo uliokuwa ndani yake utasemwa mbele ya wajomba. Kabla ya hapo moto usiwashwe, uwe wa maji au wa kabaidi. Acidri alimkumbusha kwamba kesho ni Ijumaa.

"Najua," alisema Driwaru.

Ijumaa saa tatu lori lilisimama mbele ya banda. Turniboi wawili, wasaidizi wa dereva, walishusha rejeta ndefu kama mlango, wakaiegemeza ukutani. Acidri aliizunguka, akaweka kidole kwenye nyufa mbili, akaipiga kwa kucha asikilize shaba. Mashine ilikuwa nyuma yake, imejaa dawa nzuri, tayari. Angeweza kuimaliza kabla ya adhuhuri.

Alimwambia dereva kwamba leo hawashi moto, arudi Jumanne. Dereva alicheka kwanza, akidhani ni njia ya kupandisha bei. Alipoona si utani, alisema mwenye mali hasubiri fundi. Rejeta ikapakiwa tena. Ilipelekwa hatua mia mbili tu mbele, kwa fundi mwingine, na baada ya muda mfupi tulisikia tangi la kabaidi la huko likianza kupumua. Acidri naye alilisikia. Alikaa kwenye tairi akiwa amegeuza uso, na Driwaru, ambaye siku hiyo hakwenda sokoni, alikaa karibu naye akichambua maharage.

Jumapili baada ya misa watakwenda pamoja Kuluva kwa mzee Draku. Acidri atasema aliapa uongo: maji nayo yanalipuka. Ataomba aruhusiwe kuendelea kwa masharti anayoyajua moyoni tayari. Mashine itahamishiwa nje ya banda, nyuma ya ukuta wa magunia ya mchanga. Chupa ya kinga haitakuwa ya kioo. Na dawa itapimwa na Driwaru, mbele ya macho ya wote, bila majani ya chai.

"Yeye napima, mimi nachoma na ile moto yeye nanipa," anasema. "Kama yeye nasema leo lori hapana, basi lori hapana."

Na wajomba wakikataa kabisa? Atarudi kulima mihogo Kuluva, anasema, na watu tisa watajifunza kula mara moja. Hasemi kwa ujasiri. Anasema kama mtu aliyekwisha kuihesabu mihogo hiyo na kuiona haitoshi.

Tulimuuliza swali ambalo waandishi humuuliza kila mtu mwishoni: ana matumaini gani maishani? Alikwaruza makovu ya vidole vyake.

"Mimi nataka kufa na ugonjwa," alisema. "Mzee kabisa, juu ya kitanda, na watu wanachoka kunilisha uji."

Driwaru hakuinua macho kutoka kwenye maharage. Alisema uji huo ataupika yeye, na hatachoka.